Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: saa ya dripu ipangwe na daktari, isipangwe na foleni

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Natanguliza salamu na heshima zangu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoacha kwa katibu wako hazikujibiwa. Nina saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini, na ninatibiwa kwa dawa mbili za saratani: oksaliplatini, pamoja na dripu ya fluorourasili inayotakiwa kuingia mwilini polepole kwa muda wa saa 46.

Wiki iliyopita nilifika wodini asubuhi kama nilivyoandikiwa. Pampu inayodhibiti kasi ya dripu ilikuwa imeazimwa na wodi nyingine, hivyo dripu ikafunguliwa karibu na saa 6 usiku, bila pampu, muuguzi akihesabu matone kwa saa yake ya mkononi na kurekebisha kigurudumu cha mpira kwa kidole gumba. Simlaumu hata kidogo, maana alikuwa peke yake na wodi nzima. Lakini kila alipoitwa kitanda kingine matone yaliongeza kasi, na dawa ikaisha kabla ya muda wake. Leo mdomo wangu umejaa vidonda, hata uji uliopoa unaniunguza, na mke wangu ananinywesha maji kwa kijiko.

Nilipolalamika, niliambiwa kwamba dawa ni ileile, iingie mchana au usiku. Ndugu Mganga Mfawidhi, hilo si kweli, na wewe unalijua kunishinda. Kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili inayovunjavunja fluorourasili, hakifanyi kazi kwa nguvu ileile saa zote. Kwa mtu anayelala usiku, hupanda wakati huo wa usiku. Ndiyo maana Dkt. Francis Lévi na wenzake wa Villejuif, nchini Ufaransa, walipanga pampu ili fluorourasili ifikie kilele saa 10 alfajiri, na oksaliplatini saa 10 jioni. Katika utafiti wao wa mwaka 1997 uliohusisha wagonjwa 186, vidonda vikali vya mdomo viliwapata asilimia 14 ya waliotibiwa kwa kufuata saa ya mwili, yaani ratiba hiyo ya usiku na mchana, huku waliopewa dawa kwa kasi moja mfululizo wakiwa asilimia 76. Uvimbe ulipungua kwa wagonjwa asilimia 51 wa kundi la kwanza na asilimia 29 wa kundi la pili.

Daktari mmoja wa wodi alinikumbusha, na alikuwa na haki, kwamba utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 564, haukuonyesha tofauti ya urefu wa maisha kati ya makundi mawili kwa ujumla. Lakini ndani ya utafiti huo wanaume walifaidika na wanawake wakaumia. Tafiti tatu zilipojumlishwa mwaka 2012, wanaume waliofuata ratiba ya saa ya mwili waliishi kwa wastani wa kati (muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka) wa miezi 20.8 dhidi ya 17.5 ya tiba ya kawaida. Wanawake, miezi 16.6 dhidi ya 18.4. Kwa hiyo siombi ratiba ya Ufaransa ibandikwe ukutani na kila mgonjwa alazimishwe kuifuata. Ninachosema ni kwamba, ikiwa ratiba moja inaweza kumwongezea baba miezi na kumpunguzia mama, basi saa ya dawa ni sehemu ya tiba, na haiwezi kuachiwa pampu iliyo wodi nyingine wala urefu wa foleni.

Katika kikao chako na wagonjwa na ndugu zao uliahidi, mbele yetu sote, kwamba wodi ya saratani ingepata pampu zake yenyewe kabla ya masika. Masika hayo yalipita, na mengine yanakaribia. Sijui kama fedha zilikwama kwenye manunuzi au zilipelekwa kwingine. Nadhani pampu za dripu hazionekani kuwa jambo la dharura kwa mtu ambaye hajalala chini ya chupa akiyatazama matone.

Naomba pampu tulizoahidiwa. Kama hazijafika, naomba angalau saa ya kuanza iandikwe na daktari kwenye faili la kila mgonjwa, kwa kuzingatia hali yake, na dripu isifunguliwe saa nyingine bila yeye kuulizwa. Mzunguko wangu ujao utaanza baada ya vidonda hivi kupona. Naomba saa yake iwe imeandikwa kabla sijaingia wodini.

Wako katika matibabu,
Mgonjwa wa wodi ya saratani