Kaka, ile cherehani ilikuwa ya nani?

Kaka yangu,

Tangu tuanue matanga ya Mama hupokei simu zangu. Wifi ananijibu kwa adabu kwamba umelala, saa nne asubuhi! Basi nakuandikia hapa. Wakisoma na wengine wasome, maana yaliyotupata sisi yaliwapata wengi.

Unasema nilikuvunjia heshima mbele ya wajukuu. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Udongo wa kaburi la Mama haujakauka, ukasimama ukawaambia watoto kwamba Vita ya Kagera, ile ya kumng'oa Amin wa Uganda, walipigana wanaume, sisi wengine tulijificha migombani tukisubiri taarifa ya habari ya Radio Tanzania.

Kaka, wewe hukuwepo Bunazi ile Oktoba ya 1978. Ulikuwa JKT. Mizinga ilipoanza kulia upande wa Mutukula, kule mpakani, Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliziacha hapo hapo chini. Mimi alinibebesha mdogo wetu mgongoni, yeye akajitwisha godoro na kumshika Bibi mkono. Daraja la Kyaka lilifurika watu, ng'ombe na baiskeli. Ukidondosha kitu, huinami kukiokota. Siku chache baadaye askari wa Amin wakalilipua. Waliobaki upande ule unawajua, sina haja ya kuwataja. Hata Shangazi kule Mwanza, mbali na mpaka, alijitupa chini ya kitanda siku ndege ya Walibya, waliokuwa wanamsaidia Amin, ilipoangusha mabomu yakaishia kuua wanyama wa hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Huyo naye alikuwa migombani?

Tuliporudi tulikuta kuta tupu. Mabati yameng'olewa, milango imekwenda, ng'ombe hakuna, hata lile sufuria kubwa la harusi halipo. Mama hakulia mpaka alipoingia chumbani akakuta cherehani yake imechukuliwa, ile aliyoinunua kwa fedha za kahawa. Kesho yake akaamka kuwapikia ndizi na maharage wanamgambo waliopiga kambi karibu na shule, vijana wa Lindi na Mtwara wanaotetemeka kwa mvua. Alisema huko uliko wewe, huenda kuna mama mwingine amekuwekea sahani.

Najua ulitembea. Mutukula hadi Masaka, Masaka hadi Kampala, bunduki begani na risasi mgongoni. Najua habari za mapigano ya Lukaya, Walibya walivyowarudisha nyuma kabla hamjawageuzia kibao. Tarehe 11 Aprili 1979, redio ilipotangaza kuwa Kampala imetekwa, Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Najua pia rafiki yako amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, na kila Siku ya Mashujaa huweki kitu mdomoni mpaka jioni. Hilo sijalidharau hata siku moja, na nimewakataza watoto wangu wasilidharau.

Lakini ulirudi na cherehani.

Uliishusha kwenye lori la jeshi, mtaa mzima unashangilia. Ukaiweka sebuleni: "Mama, yako hiyo." Mama akafunua kifuniko. Chini ya sindano kulikuwa na mkono wa gauni la mtoto, kitambaa cha buluu, umeshonwa nusu, uzi bado haujakatwa. Mama akauliza, "Ya nani?" Ukasema ni ya vita. Akauliza tena, taratibu, "Ilikuwa ya nani?" Ukacheka, ukasema Masaka vitu vilikuwa vimezagaa tu. Mama akarudisha kifuniko, akatandika kanga juu yake, akatoka nje.

Hakuigusa, Kaka. Mwalimu alishatuomba tufunge mikanda miezi 18, sabuni ya kipande tunaipangia foleni, na fundi mwenye cherehani alikuwa hakosi riziki. Yeye sare zetu za shule alizishona kwa mkono, usiku, kwa kibatari. Cherehani ikakaa pale mpaka ulipokuja kuichukua ukaenda kuiuza Bukoba. Mimi niliyemshikia kibatari ndiye unayeniambia sikuiona vita.

Nakushauri kama dada yako: wasimulie watoto yote. Wape Lukaya, wape njaa, wape yule rafiki yako, na cherehani uwape. Ulikuwa kijana mdogo, umetoka kuzika wenzako. Watakuelewa, na hawatakupenda pungufu. Ukiwaficha, wataambiwa na mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na huruma niliyonayo mimi. Maana mimi sikupaza sauti siku ile. Sikuongeza chumvi. Mtoto aliuliza kwa nini Mama alikuwa anashona kwa mkono na vidole vimejaa makovu, nikamjibu. Ulitaka nimdanganye? Mimi ndiye niliyemuuguza Mama wewe ukiwa Dar, ndiye niliyemgeuza kitandani na kumlisha uji. Usiku wa mwisho alikuwa bado anaitaja ile nguo ya buluu. Nani mwingine angeisema, kama si mimi?

Basi. Julai 25 nawapeleka watoto Kaboya. Kaburi la rafiki yako mimi silijui lilipo, na wao wanataka uwaonyeshe wewe mwenyewe. Nauli yako ya basi nimeshaitenga, wifi anajua. Mjukuu wako wa pili atakuuliza cherehani ilikuwa ya nani. Nimemwambia mimi sina jibu, amngojee babu yake.

Dada yako.