Nyangumi si samaki, wala nguva si ndugu yake

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu viumbe wa bahari imemwita nyangumi wa bluu “samaki mkubwa kuliko wote duniani”. Samaki mkubwa kuliko wote ni papa potwe. Nyangumi wa bluu, ambaye huweza kufikia urefu wa mita 30, ni mamalia: hupumua kwa mapafu, damu yake ni ya moto, huzaa na kunyonyesha. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyepanga viumbe kwa makundi, alikwisha kumtoa kwenye kundi la samaki mwaka 1758.

Anayebisha na autazame mkia. Wa samaki umesimama wima, huupunga kushoto na kulia. Wa nyangumi na pomboo umelala, hupanda na kushuka, maana mgongo wao hukunjuka vilevile kama wa mnyama wa nchi kavu anayekimbia. Pasua pezi la kifuani utakuta mfupa wa mkono, kiwiko na vidole. Nyuma huko, katikati ya minofu, vimesalia vijifupa vya nyonga visivyoshikana na uti wa mgongo. Jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni kiboko, jambo ambalo hunistaajabisha kila nikilikumbuka.

Mkaongeza kwamba nyangumi, nguva na sili ni “ukoo mmoja”. Wanachoshirikiana ni maji tu. Kila ukoo uliingia baharini kwa wakati wake. Nguva ana nasaba na tembo, na chuchu zake ziko karibu na makwapa. Sili yuko kundi moja na mbwa na dubu, pamoja na simba bahari, ingawa hao wawili nao hawafanani: simba bahari ana ndewe za masikio na hukunja mapezi ya nyuma akatembea, sili hujiburuta kwa tumbo.

Msiseme ni ubishi wa majina. Pomboo akinaswa wavuni chini ya maji, hufa kwa kukosa hewa. Akikwama ufukweni, watu wenye huruma humwagia maji mwili mzima, hata kwenye tundu la utosini. Ngozi inahitaji maji, lakini tundu lile ni pua yake. Msomaji aliyeambiwa na gazeti kuwa huyu ni samaki atajuaje?

Naomba masahihisho yatoke katika toleo lijalo, ukurasa uleule.

Msomaji wenu