Wageni wa mbege waletwe siku ya mbege

Ndugu Mhariri,

Waongozaji wanaopandisha wageni Marangu, Machame na Kibosho tunawaomba jambo moja: kabla ya kumleta mgeni kilabuni, mpigieni simu mpishi mmuulize anakoroga lini. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haiwekwi stoo. Hukorogwa jioni, hunywewa kesho yake, na baada ya hapo huanza kuwa kali. Mgeni akiletwa imekwisha chacha, anaonja siki, anakunja uso na kuondoka akiamini ndicho kinywaji cha Wachaga.

Kazi yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ndizi huvundikwa hadi ziive kabisa, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe na rangi ya udongo mwekundu, kisha huachwa zichache siku tatu hadi sita. Kule juu karibu na msitu, baridi huchelewesha. Ndipo huchujwa. Ulezi nao hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa; unga huo wa kimea hupikwa uji pamoja na magome ya msesewe yanayoleta uchungu. Uji lazima upoe kabisa kabla ya kuchanganywa na maji ya ndizi. Mwenye haraka huchanganya ungali wa moto, chachu ikafa, na asubuhi pombe imelala, haina povu. Wengine huongeza sukari kufidia ndizi ambazo hazijaiva. Huko ni kumdhulumu mnywaji, na tunalisema hili kwa wapishi wenzetu waziwazi.

Wanaobandua msesewe nao wasizungushe kisu shina zima. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Chukueni kipande upande mmoja, mwacheni mti upone.

Mgeni akishakaa, mpishi aonje kwanza mbele yake, kisha wazee. Mbege ikorogwe kila mara kabla ya kumimina, kwa kuwa ulezi huzama. Aliyepewa maji ya juu amenyimwa. Vipovu vidogo na harufu ya ndizi mbivu ni dalili kwamba iko sawa. Mgeni ale kwanza, kiburu au mtori, maana mbege inateleza na wasioizoea huipima kwa utamu. Asishawishiwe kuongezea gongo hata kidogo. Na simu ikae mfukoni mpaka waliokaa pale wakubali kupigwa picha: wengi wametoka shambani, hawakuja kuonyeshwa.

Kwa wanaotaka kuibeba hadi Dar es Salaam: msijaze galoni mpaka juu wala kukaza kifuniko. Mbege huendelea kutoa hewa njiani, na chombo kilichozibwa huvimba hadi kupasuka ndani ya basi. Ni afadhali mbebe kimea kikavu na magome yaliyoanikwa vizuri, ndizi mtazinunua huko huko sokoni.

Wapishi wa mbege,
Marangu, Kilimanjaro