Barua kwa wanangu mliomaliza kusoma Wonder

Wanangu wa kidato cha pili,

Mwalimu wenu ameniambia mmemaliza Wonder, kitabu cha R.J. Palacio cha mwaka 2012, na kwamba darasa zima limemchukia Julian, yule mvulana anayemwonea mwanafunzi mwenzake August. Mna haki. Kumtilia mwenzako vikaratasi vya matusi kabatini ni ukatili, na mama yake kumfuta August kwenye picha ya darasa ni ukatili mkubwa zaidi.

Lakini mimi nawaomba mumrudie Jack.

August ana miaka kumi, uso wake una kasoro tangu kuzaliwa, amepasuliwa mara 27, na hajawahi kukaa darasani. Jack anakuwa rafiki yake. Halafu siku ya Halloween, watoto wamevaa vinyago, Jack anawaambia akina Julian kwamba angekuwa na sura ile angejiua. Hajui kuwa nyuma ya kinyago kimoja pale karibu yuko August mwenyewe. Macho ya wageni August alikwisha kuyazoea. Neno la Jack ndilo lililomfanya asitake tena kwenda shule.

Nami niliwahi kuwa Jack. Nilisoma shule ya bweni. Mimi nililala kitanda cha juu, rafiki yangu cha chini, na tranka zetu zilikaa pamoja. Alikuwa na kigugumizi. Usiku mmoja wakubwa wa bweni walimsimamisha asome kwa sauti barua ya mama yake, na kila alipokwama walicheka. Nami nikacheka. Niliogopa kwamba nisipocheka, kesho nitasimamishwa mimi. Yeye hakuwatazama wao hata kidogo, alinitazama mimi. Muhula ulipokwisha alihama, na nilipopata ujasiri wa kumtafuta, miaka mingi baadaye, nilionyeshwa kaburi lake.

Ndiyo maana Jack ananigusa. Alipong'amua alichofanya, alimpiga Julian ngumi, na ngumi hiyo siisifu. Ninachosifu ni kwamba alimwomba August radhi, na wavulana walipomsusa kwa urafiki wake na August, alivumilia, akakaa mezani na August na Summer, msichana rafiki yao. Ilimgharimu, na August akaona imemgharimu. Radhi yangu mimi ingekuwa ya namna gani, kama ningeiomba huku nikiendelea kula meza moja na wale wakubwa?

Na Julian mnayemchukia? Mwandishi alimwandikia hadithi yake baadaye. Bibi yake wa Paris anamsimulia jinsi alivyofichwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wanazi walipowasaka Wayahudi, yeye binti wa Kiyahudi, na mvulana aliyelemaa kwa polio ambaye darasani hakuwahi hata kumjali. Julian analia, kisha anamwandikia August barua. Itafuteni, msomeane.

Kila mmoja wenu anamjua yule ambaye yeye mwenyewe alimcheka. Usimwite mbele ya watu. Mfuate bombani au njiani kwenda bwalo, taja waziwazi ulichofanya, wala usiseme "nilikuwa natania". Asipokujibu, usimlazimishe. Jioni kaa naye mezani, na kesho yake tena.

Shule inafungwa Ijumaa na mabasi yanaondoka alfajiri. Mnazo siku tatu.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu