Barua kwa Mwalimu Athman: gesi iliyo nyuma ya madishi ya Ngomeni

Malindi, Jumamosi jioni

Mwalimu Athman,

Assalamu alaikum. Natumai huko Langoni kwema na wa nyumbani wote wazima. Barua yako imefika. Umeuliza IXPE, ile setilaiti ya NASA na Italia inayotazama eksirei za angani, ambayo data zake zinashukia kwenye madishi ya Ngomeni karibu na hapa Malindi, imefungwa lenzi gani na chipu ya kamera ya aina gani. Lenzi haina. Ina vioo vitatu vya eksirei vilivyotengenezwa Marekani, na mita 4 nyuma ya kila kioo kuna kasha dogo la gesi lililozibwa. Kasha hilo ndilo kihisi chenyewe. Lilibuniwa Pisa, Italia, kwenye tawi la taasisi ya fizikia ya nyuklia, INFN, pamoja na wenzao wa INAF, taasisi ya fizikia ya nyota, kule Roma.

Ukisikia gesi usidhani ni mambo ya kizamani. Ni kweli kwamba setilaiti ya eksirei iitwayo Uhuru, iliyorushwa hapo hapo Ngomeni kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Disemba 1970, nayo ilitumia gesi. Lakini kazi kubwa ya Uhuru ilikuwa kuhesabu: eksirei imeingia, moja, nyingine, mbili. Watu wa Pisa walitaka gesi iseme zaidi ya hapo: mawimbi ya eksirei yanatikisika upande gani, yaani polarizesheni yake.

Siri iko kwenye elektroni. Fotoni ya eksirei, yaani chembe moja ya mnururisho huo, ikigonga atomu hung'oa elektroni, na elektroni hiyo hupenda kuruka kufuata upande ule mawimbi yanakotikisika. Ukiiona ilikoelekea, umepata jibu. Kwenye silikoni ya kamera ya kawaida ya eksirei huioni, maana inasimama kabla ya kumaliza hata mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), nayo pikseli ina mikromita 10 au zaidi. Yote inaishia ndani ya pikseli moja. Kwenye gesi inakwenda hata sehemu ya milimita, na hapo njia yake inachoreka.

Sasa fuata fotoni moja. Inapita dirisha la berili, metali nyepesi, lenye unene wa mikromita 50, inaingia kwenye sentimita 1 ya gesi ya dimethili etha iliyojazwa kwa presha ya milibari 800. Fotoni ikiwa na nishati ya keV 5.9 (kiloelektronivolti), elektroni iliyong'olewa inaacha nyuma yake elektroni nyingine kama 200. Umeme unazisukuma zote chini, kwenye karatasi ya plastiki iliyopakwa shaba pande zote mbili, yenye vitundu vya mikromita 30 vilivyopangwa kila mikromita 50. Ndani ya kitundu umeme ni mkali sana, hivyo kila elektroni inazaa nyingine takriban 200. Chini yake kuna chipu yenye pikseli 105,600 zenye pembe sita, 300 kwa 352, zote kwenye mraba wa milimita 15 hivi. Chipu hiyo inajiamsha yenyewe ikiguswa, na inasoma kile kijieneo kilichoguswa tu. Kwangu hapa ndipo ufundi wa Pisa ulipo hasa. Kusoma pikseli zote kwa kila fotoni kungeichelewesha mno.

Picha inayotoka inafanana na nyayo za kaa mchangani, ila zimepinda na mwisho wake umevimba. Asiyejua atapima kutoka kwenye uvimbe, na atakosea. Elektroni inapoteza nishati nyingi pale inapokaribia kusimama, kwa hiyo uvimbe ni mwisho wa safari. Mwelekeo unaotakiwa uko kwenye ule mkia mwembamba wa upande wa pili, na programu lazima iutafute huo kwanza.

Yanayoharibika ni mengi. La kwanza uchafu: oksijeni au mvuke wa maji kidogo tu hunasa elektroni kabla hazijafika chini, ndiyo maana kasha huokwa kabla ya kujazwa gesi na kuzibwa, kazi iliyofanyiwa Ufini. La pili, chaji hunata kwenye kuta za vile vitundu vya plastiki. Nyota ikiwa kali, uzaaji wa elektroni unapungua. Ikitulia, unarudi polepole. Kwa hiyo wamebeba vyanzo vidogo vya eksirei vya chuma-55 ndani ya setilaiti, wakipima upya mara kwa mara. La tatu liliwashangaza wengi: presha inashuka, na wala hapavuji. Gesi inanyonywa na vifaa vya ndani ya kasha, gundi ikiwemo. Hasara yake ni kwamba fotoni zinazonaswa zinapungua, lakini nyayo zinarefuka na kusomeka vizuri zaidi, basi si msiba.

Hesabu ya darasani ni hii. Polarizesheni ndogo kabisa unayoweza kuikamata kwa uhakika wa asilimia 99, ukipuuza kelele za nje, ni 4.29 gawanya kwa (μ mara kipeuo cha pili cha N). N ni idadi ya fotoni, μ ni uwezo wa kihisi wa kuonyesha mwelekeo. Weka μ = 0.3. Fotoni 100,000 zinakupa asilimia 4.5, fotoni 1,000,000 zinakupa 1.4. Wanafunzi wataona wenyewe kwa nini setilaiti inaikodolea nyota moja kwa siku kadhaa.

Kuhusu Ngomeni: IXPE ilirushwa 9 Disemba 2021, iko juu ya ikweta, kilomita 600. Njia hiyo inakwepa sehemu kubwa ya ukanda wa mnururisho ulio juu ya Atlantiki ya kusini, na ndiyo inayoipitisha juu yetu kila baada ya saa moja na dakika arobaini na kitu. Dishi linaiona kwa dakika kumi hivi kila ikipita. Kituo cha Singapore ni akiba.

Ukitaka, nitakuchorea nyayo tano za mfano, uwape wanafunzi watafute mwanzo bila kuambiwa. Waanze na ile fupi, ndiyo inayodanganya zaidi.

Nisalimie Mama na watoto.

Nduguyo,
Kombo