Kwenda ziwani bila nyavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Mwanza. Wiki mbili zilizopita alitucheka sisi tulioko Marekani, kwamba tumefikia hatua ya kulipa hela ili tukalale porini kwenye mahema, na jambo hilo akaliita ulimbukeni. Picha aliyoiona mtandaoni sijui ilikuwa ya nani. Huenda ilikuwa yangu, maana mimi ni mmoja wa malimbukeni hao, na hema lenyewe halikuwa hata langu. Niliazima.

Nimezaliwa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, si mbali na Nansio. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Leo naishi Duluth, mji wa bandari kaskazini mwa jimbo la Minnesota, ninakohudumia wazee. Mji huu uko kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani, kilometa za mraba 82,000 na ushee. Victoria letu linafuata kwa 68,800 hivi. Kwa hiyo nimetoka namba mbili nikahamia namba moja. Na huku maji baridi ni baridi kweli: kuanzia katikati ya Januari hadi karibu na mwisho wa Machi meli husimama kwa sababu ya barafu.

Miaka saba ya kwanza sikuyagusa maji hayo. Mtoto wa mvuvi hukua akijua ziwa ni kazini kwa mtu. Mzee alikuwa akitoka jua linazama, siku za giza, na karabai zake (siku hizi ni taa za sola), anarudi alfajiri ananuka mafuta ya taa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, basi hukaa nyumbani akashona nyavu. Sikuwahi kumsikia akisema twende ziwani tukapunge upepo. Mama naye akitukuta mwaloni hatuna ndoo wala nguo za kufua, swali lake lilikuwa moja: "Mmetumwa na nani?" Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kichocho nilikipata kwenye maji yale yale, nikameza vidonge shuleni kama wenzangu.

Halafu ikaja Septemba 20, 2018. Nilikuwa namalizia zamu ya usiku simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilikuwa kimepinduka kikikaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220, na mmoja alikuwa wa ukoo wetu. Baada ya hapo nilibadilisha hata njia ya kwendea kazini ili nisipite kando ya Superior.

Aliyenirudisha majini ni mwenzangu wa kazini, mama wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa huku. Aliposikia natoka kisiwani alifurahi kama kapata ndugu. Kwake mtu wa kisiwani ni mtu wa mtumbwi, na kumweleza kwamba sijui kuogelea ilinichukua siku mbili kwa aibu. Agosti mwaka jana akanichukua. Tuliendesha gari kwa saa mbili hivi hadi Ely, tukafuata barabara ya msituni mpaka ilipokoma.

Pale barabara inapokoma ndipo Boundary Waters inapoanza. Ni hifadhi inayopakana na Kanada, ekari zaidi ya milioni moja, ndani yake maziwa zaidi ya 1,000 yaliyoachwa na barafu ya zamani. Tangu sheria ya 1978 sehemu kubwa ya maji hayo injini ni marufuku. Hata ndege zimekatazwa kupita chini chini juu ya msitu huo, kwa amri ya Rais Truman ya mwaka 1949. Unaingia kwa mtumbwi na kasia. Mimi nililipa dola 16 kwa safari nzima. Kabla ya kupewa kibali tulikalishwa tukaoneshwa video ya masharti, tukaulizwa maswali kama watoto wa shule: kundi lisizidi watu tisa, makopo na chupa za kioo haviingii, chakula kihifadhiwe dubu asikifikie. Makopo yangu mawili ya maharage yalibaki kwenye gari.

Kabla sijashika kasia yule mama akanivisha jaketi okozi, akavuta mikanda mpaka nikakohoa. Nilimwambia maji yenyewe yametulia kama chai kwenye kikombe. Hakujibu, akavaa la kwake. Nilisimama pale ukingoni, miguu kwenye maji, na sioni haya kukuandikia kwamba nilikuwa nawahesabu wafu wa Ukara kichwani.

Wenyeji wa huku wana maziwa mengi mpaka majina yamewaishia. Tuliloanzia linaitwa Lake One, yaani Ziwa Moja, na yanayofuata ni Lake Two, Lake Three na Lake Four. Maji yakikatika unaubeba mtumbwi begani, unavuka nchi kavu hadi ziwa la pili. Njia hizo wanazipima kwa kipimo cha zamani kiitwacho rodi, kama mita tano, karibu urefu wa mtumbwi mmoja. Mtumbwi wa mzee wangu ni wa mbao, kuuvuta ufukweni wanahitajika wanaume sita na wimbo. Huu ulikuwa na kilo 20 hivi. Yule mama aliupindua akauvaa kama kofia, akaondoka, nikabaki naona miguu tu inatembea chini yake. Begi la chakula nililibeba kichwani, kwa kata niliyoikunja kwa fulana, kama mama alivyobeba mihogo. Vijana wawili tuliopishana nao walisimama pembeni wakanitazama mpaka nikapotea. Nadhani ndiyo mara pekee katika safari ile niliyowazidi wenyeji.

Usiku wa kwanza tulilala Lake Three. Msitu wa upande wa kusini ulikuwa mchanga kuliko nilivyotarajia, na kati ya miti midogo yalisimama magogo meusi. Agosti 2011 radi iliwasha moto uliokula ekari zaidi ya 90,000 kuzunguka maziwa hayo. Kuna msonobari wa huku ambao matunda yake mengi yamegandishwa kwa utomvu, hayafunguki mpaka yapate joto la moto ndipo yamwage mbegu. Kwa hiyo miti ile yote, iliyonifika kifuani na wakati mwingine juu ya kichwa, ni watoto wa ule moto.

Choo cha kambini ni kiti kimewekwa juu ya shimo katikati ya vichaka, hakina ukuta wala mlango. Hapo msomaji wa Mwanza akicheka nitacheka naye.

Chakula cha jioni kilikuwa zamu yangu. Nilikuwa na unga wa muhogo na mfuko wa dagaa wa nyumbani, nikawakaanga kwa kitunguu na nyanya ndogo mbili. Harufu ilipotanda ziwani, yule mama alisimama akazungusha macho msituni. Akaniambia kwa upole kwamba dubu wana pua nzuri sana. Tulikula haraka. Sufuria nililisugua mbali na maji kama masharti yanavyotaka, na mfuko tukaupandisha juu ya tawi kwa kamba. Nililala nikiwaza dagaa waliovuliwa kwa karabai Ukerewe, leo wananing'inia mtini karibu na Kanada, wanalindwa wasiliwe na dubu.

Usiku wa manane niliamshwa na sauti iliyoninyanyua mgongo. Nilidhani ni mwanamke analia msiba. Ni ndege, anaitwa loon, mweusi mwenye madoa meupe mgongoni na jicho jekundu, huita hivyo akiwa majini. Nikatoka nje nimejifunga blanketi. Hapakuwa na upepo, nyota zilikuwa juu na nyingine chini kwenye maji. Yule mama alikuwa amenionesha jioni jinsi ya kuitafuta nyota ya kaskazini, ile ambayo kwetu haichomozi hata siku moja kwa sababu tuko kusini ya ikweta. Huku iko juu, na haitembei. Nilikaa kwenye jiwe hadi miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyenituma.

Asubuhi nikaomba mtumbwi niende peke yangu, karibu na ufuko tu. Nilikwenda labda mita mia mbili. Mikono ilikumbuka mambo ambayo mimi nilidhani sikuwahi kujifunza. Mara nikajikuta nainama kuangalia kama kuna nyavu za kuvuta, nikacheka peke yangu.

Sasa kuna neno moja la msomaji wetu nataka kulisahihisha. Aliandika kwamba mapori hayo ni matupu, ndiyo maana wazungu wanayachezea. Si matupu. Wenyewe ni Waojibwe, wenyeji asilia wa nchi hii, na wapo. Katika mkataba wa 1854 na serikali ya Marekani walitoa ardhi lakini walibakiza haki ya kuwinda na kuvua humo. Mwishoni mwa Agosti na Septemba wanavuna mpunga mwitu unaoota wenyewe majini, watu wawili kwenye mtumbwi mmoja, mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine anainamisha mabua na kuyapiga kwa vijiti viwili, punje zinamwagikia ndani. Superior wao wanaiita Gichigami, maji makuu. Sisi wa Victoria tulisema Nyanza kabla Speke, mpelelezi Mwingereza, hajapita Mwanza mwaka 1858 na kuliita jina la malkia wake. Pori likiitwa tupu, mtu wa ziwani anatakiwa awe wa kwanza kuuliza nani kasema.

Nami sisemi tuache kazi tukalale mwaloni. Ninachoomba ni kidogo. Nimekaa Ukerewe miaka 28 bila kufundishwa kuogelea, na shule yetu madirisha yake yalitazama maji. Tulifundishwa kuyaogopa, tukayaogopa vizuri, na bado yanatuchukua. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, iko humo humo ziwani, sijawahi kuikanyaga, na sidhani kama darasani kwetu yupo aliyewahi. Shule za visiwani zingekuwa na saa moja kwa wiki ya kuogelea na kupiga kasia, jaketi mwilini, mahali palipopimwa kichocho, mtoto akaingia majini kwa furaha yake kabla hajaingia kwa njaa ya nyumbani. Wakaguzi waanze na hilo jaketi. Huku mtoto wa chini ya miaka kumi hapandi mtumbwi bila jaketi kuwa mwilini, sheria ya jimbo haitaki mjadala.

Niliporudi Duluth nilimpigia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia ulikwenda ziwani."

"Nilikwenda, siku nne."

"Mmevua nini?"

"Hatukuvua. Tulikwenda tu."

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekwisha. Kisha akaniuliza upepo ulivuma kutoka wapi asubuhi, na kama maji yale yana mawe au mchanga chini, na mtumbwi wa kilo 20 unakaaje kwenye wimbi. Tulizungumza saa nzima, jambo ambalo hatujawahi. Mwisho akasema nikija Desemba nimletee lile jaketi, la saizi yake, tutatoka wawili alfajiri moja ya mbalamwezi tukaelee mbele ya mwalo bila nyavu. Ila nisimwambie mtu.

Mzee hasomi gazeti lako, Ndugu Mhariri. Namwomba yule ndugu wa Mwanza anitunzie siri.

Mzaliwa wa Ukerewe,
Duluth, Minnesota