Uliganda Ndani ya Mfuko wa Kulalia, Lakini Baridi Ilitoka Chini

Kila mwaka theluji inapoanza kulegea milimani, lalamiko hili hurudi kwenye kaunta yetu ya kukodisha vifaa vya kambi. Safari hii lililetwa na kijana mmoja mstaarabu ambaye hakupandisha sauti hata kidogo, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma zaidi. Aliuweka mfuko wa kulalia mbele yangu akasema: "Mmeandika nyuzijoto hasi 7. Kule ziwani haikufika hata hasi 3, na sikupata lepe la usingizi. Mmenikodisha mfuko uliochoka kwa bei ya mfuko mzima."

Nilimuuliza jambo moja tu: ulilalia nini? Akanyamaza, kisha akasema alitandika turubai, juu yake akaweka koti la mvua na suruali ya akiba. Mkeka wa kambi aliukataa siku ile anachukua vifaa. Fomu yake ninayo, na mstari wa mkeka umeandikwa "hapana" kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alitaka kupunguza gharama na uzito wa mzigo. Ninamwelewa, maana kutembea na mzigo mgongoni hadi ziwa la mlimani, miguu ikizama kwenye theluji, si mchezo. Lakini hicho alichokipunguza ndicho kilichomkosesha usingizi.

Mfuko uliopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 huwa na namba tatu kwenye lebo. Ya kwanza ni ya starehe: joto ambalo mtu wa kawaida, hasa mwanamke, analala amejinyoosha bila kuhisi baridi. Ya pili ni ya kikomo: mwanamume amejikunja, anavumilia hadi asubuhi. Ya tatu ni ya hatari, na hapo tunazungumzia kutokufa, hatuzungumzii usingizi. Mfuko wa yule kijana ulikuwa na hasi 1 ya starehe na hasi 7 ya kikomo. Yeye aliisoma hasi 7 akaichukua kama ahadi ya usingizi mtamu. Wengi husoma hivyo, na wapo wanaouza mifuko wanaopenda isomwe hivyo.

Namba hizo hupatikana maabara kwa kutumia sanamu la mtu linalopashwa joto, na sanamu hilo huvishwa nguo za ndani za baridi na kulazwa juu ya mkeka. Hasi 7 iliyoandikwa kwenye lebo tayari ina mkeka ndani yake. Ukiuondoa mkeka, ile namba si yako tena.

Sababu yake unaweza kuishika kwa mkono. Mfuko wa manyoya ya bata haupashi joto, unashikilia hewa. Manyoya yakitanuka yanafunga hewa katikati yake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili wako lisitoroke. Sasa lala juu yake. Upande wa mgongoni manyoya yamebanwa na uzito wako hadi yamekuwa membamba kama shuka, hewa imekwisha, na chini yake kuna ardhi iliyoshinda miezi chini ya theluji. Usiku kucha ardhi hiyo inanyonya joto lako, na ukiongeza sweta juu hakuna kinachobadilika chini.

Mikeka nayo ina kipimo chake, thamani ya R, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopotea polepole. Mkeka wa sponji wa kawaida uko kwenye 2 hivi. Kwa kulala juu ya theluji au ardhi iliyoganda sisi hatumpi mtu chini ya 4, na tunapenda zaidi ifike 5. Uzuri ni kwamba thamani hizi hujumlishwa: sponji ya 2 chini, mkeka wa kujaza hewa wa 3 juu, umepata 5, na ule wa hewa ukitoboka saa nane za usiku bado una kitu chini yako. Mimi mwenyewe nikipanda mwanzo wa msimu nabeba yote miwili.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mwaka inatuletea watu wenye hasira: godoro la upepo la nyumbani, lile nene la wageni. Mume na mke fulani walilibeba hadi ziwani, kilo zake zote, wakiamini unene ndio joto. Ndani ya godoro lile hakuna kitu ila hewa inayozunguka, inachukua joto mgongoni na kulipeleka ardhini. Walishuka gizani kwa tochi za kichwani, juu ya theluji iliyoganda na kuteleza, kwa sababu kulala kulikuwa kumeshindikana. Nilipowaona kesho yake nilishukuru tu kwamba hakuna aliyevunjika mguu.

Na lile ziwa lenyewe lina lake. Watu huangalia utabiri wa hali ya hewa wa mji ulio chini ya mlima, wakasahau kwamba kila mita 1,000 unazopanda hukunyang'anya nyuzijoto kama 6.5. Zaidi ya hapo, hewa baridi ni nzito. Usiku inateremka kutoka kwenye kuta za mlima na kujikusanya kwenye bonde lenye ziwa kama maji kwenye bakuli. Ukipiga hema ufukweni kwa sababu ya mandhari ya picha, umelala kwenye kitako cha bakuli. Unyevu wa ziwa nao unagandia ndani ya hema, asubuhi unadondoka juu ya mfuko, na manyoya yaliyolowa hayatanuki. Rudi nyuma mita 60 au 70 kutoka majini, panda kidogo hadi kwenye kibaraza kilichoinuka. Ni mahali palepale, lakini usiku ni tofauti kabisa.

Vifaa vingine tunavyowakumbusha watu kila mara ni mtungi wa gesi na chujio la maji. Gesi ya butani haigeuki mvuke vizuri ikikaribia sifuri, kwa hiyo chukua mtungi wa butani iliyochanganywa na propani na ulale nao ndani ya mfuko. Chujio lenye nyuzi laini ndani likishalowa halafu likaganda, nyuzi hupasuka bila wewe kuona, na kuanzia hapo unakunywa maji ambayo hayajachujwa. Nalo lala nalo. Vijito vuke asubuhi, kwani mchana theluji inayeyuka na maji yanapanda. Barafu ya ziwa usiikanyage kabisa, hata kama ukingoni inaonekana nene.

Sasa bei, maana najua ndiyo iliyomfanya kijana yule aandikishe "hapana". Wapo wanaotuambia kwamba tukikodisha mfuko mara kadhaa tumekwisha kuulipia, kinachobaki ni faida. Njooni nyuma ya duka mwone. Mfuko wa manyoya unafuliwa kwa sabuni yake maalumu isiyoondoa mafuta ya manyoya, unasuuzwa mara nyingi, halafu unaingia kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mdogo pamoja na mipira ya tenisi ya kuvunja mabonge. Hiyo ni kazi ya saa nyingi kwa mfuko mmoja, na mtu amesimama pale anapapasa kila kichumba cha manyoya kilichoshonwa. Baada ya hapo unatundikwa. Hatuuhifadhi ukiwa umesokomezwa kwenye kifuko chake.

Ndiyo maana tulikata amana ya mteja mmoja aliyetuita wezi. Aliurudisha mfuko wiki nzima baada ya safari, umelowa, umesokomezwa, ulikuwa kwenye buti la gari. Ulikuwa unanuka ukungu na manyoya yameshikana kama uji uliopoa. Tuliufua mara tatu na haukurudi kuwa ule. Ukirudi na mfuko umelowa siku hiyohiyo na kusema "umelowa", sikukati chochote.

Mfuko wa yule kijana niliutoa kwenye kifuko palepale, nikaukung'uta, tukausubiri utanuke, nikaupima unene kwa rula akiona. Ulikuwa mzima. Kisha nikautandaza kwenye sakafu ya saruji ya ghala, akalala kwa dakika kumi, nikaweka mkeka chini, akalala tena. Aliinuka akasema, "Mbona siku ile hamkunionyesha hivi?"

Hapo sikuwa na jibu. Niliandika tu "hapana" nikamgeukia mteja aliyefuata. Kwa hiyo tangu wiki hii, hadi theluji iishe kwenye njia za juu, mfuko hautoki dukani bila mkeka, na mkeka huo hatuutozi peke yake. Kama una wako, uje nao siku ya kuchukua vifaa, tuujaze hewa na kuuacha nusu saa tuone kama unavuja.